Sahihi ya Shemeji kwenye Karatasi ya Panya

Nilipaswa kumrudishia bwana afya kalamu yake na kumwambia aje siku nyingine. Badala yake niliinama juu ya kiti cha pikipiki yake, nikaandika jina la jirani yangu kwenye mstari uliobaki wazi, nikamchorea na sahihi. Mwenye jina alikuwa Busisi, msibani.

Tunakaa Pasiansi, upande wa mawe. Wageni huyapiga picha mawe yetu. Sisi tunaoishi katikati yake tunajua yanaficha nini. Panya walijaa kila ufa. Walichimbua viazi matutani, wakakata miche ya nyanya, na michembe, vile vipande vya viazi tulivyoanika juu ya mawe, waliionja kabla haijakauka. Tulivumilia, kwa kuwa bustani bila panya hatujawahi kuiona. Lakini wiki ile mtoto mchanga wa mpangaji mmoja, binti anayeuza chapati barabarani, aling'atwa kidole cha mguu akiwa amelala mkekani mchana. Mama yake alinijia kwa sababu mimi ndiye balozi wa nyumba kumi. Hakulalamika. Alinionyesha tu kile kidole.

Nilikwenda manispaa, na bwana afya akaja na sumu yake kwenye ndoo yenye mfuniko. Alikuwa kijana mpole. Alitaka kila kaya itie sahihi kwamba imekubali, na kila mnyama wa nyumbani afungiwe siku kumi, kwa sababu panya aliyekula sumu ile hafi papo hapo. Huzunguka akiyumba siku kadhaa, na anayemla naye hudhurika.

"Nyumba moja ikikosekana?" nikamwuliza.

"Siweki, mzee. Mpaka mwezi ujao nikirudi huku."

Iliyokosekana ilikuwa ya jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane, rafiki wa marehemu mke wangu. Nilimwita shemeji. Hakusoma shule, na kwa zaidi ya miaka ishirini mimi ndiye niliyemsomea kila kitu: barua za hospitali, karatasi za kiwanja, hata ujumbe wa simu wa wanawe. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa kiwanda cha pamba, naye hakuacha kuniita Karani. Alipokwenda msibani aliniachia paka wake wa kijivu nimlishe dagaa.

Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Sikupiga, na si kwa kuheshimu msiba. Sikupiga kwa sababu niliona nimeshajua atakachosema: subirini nirudi, nimshike paka wangu mwenyewe.

"Karani, kalamu imekuwa nzito?" akasema jirani mmoja muuza samaki, na wenzake waliokwisha kusaini wakacheka. "Au unangoja panya nao wasaini?"

"Mwenyewe hayupo."

"Si shemeji yako huyo? Wewe ndiye macho yake. Saini bwana, twende kazini."

Binti wa chapati hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, mtoto mgongoni. Bwana afya alikuwa pembeni anavaa glavu, hakuona. Nikasaini.

Paka nilimfungia stoo kwangu. Siku mbili alilia. Siku ya tatu hakugusa dagaa, akajikunyata nyuma ya gunia la mahindi, nikamhurumia. Nikajiambia panya walishakwisha, maana tulikuwa tumezika mizoga ndoo nzima. Nikafungua mlango. Haikupita saa moja nikamwona kwenye mchicha, amembana panya ambaye hata kukimbia hakuweza. Nilimfuata nikipiga kelele. Akapanda nacho kitoweo chake juu ya mawe.

Shemeji aliporudi alimkuta paka chini ya kitanda, fizi zinavuja damu. Nikamweleza habari ya sumu, na kwamba ni mimi niliyemfungulia.

"Ulimwonea huruma," akasema. "Binadamu hukosea."

Alimfunika kwa khanga, akakaa naye sakafuni mpaka akafa. Kisha akanipa uji. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kuhusu ile sahihi. Nikanywa uji wake, nikaaga.

Bwana afya alirudi kukagua, akapita nyumba kwa nyumba na karatasi yake. Nilikuwa naye tulipofika kwa shemeji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Panya wamepungua?"

"Wamepungua. Na paka wangu kaenda nao."

"Pole sana, mama. Lakini uliposaini hapa si ulielezwa kuhusu kumfungia?"

"Nilisaini wapi?"

Akamwonyesha. Shemeji aliishika ile karatasi, akaiangalia muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Mimi natiaga dole gumba, mwanangu. Mwenye kujua kalamu yuko hapo nyuma yako."

Kijana aligeuka kunitazama, halafu akainamisha macho. Nikaanza kujitetea: "Shemeji, mtoto wa watu alikuwa ameumwa..."

"Najua. Ungenipigia ningekubali, Karani. Ningepanda gari nikaja kumchukua paka, nikarudi msibani. Hukuniuliza."

Kidole cha mtoto kilipona, na bustani zetu zilipata nafuu msimu ule. Hayo nayakumbuka pia, lakini yangepatikana kwa simu moja.

Hakunitukana wala kunishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Kesho yake alikuja kuomba bahasha ya karatasi zake za kiwanja, ambayo nilikuwa nikimtunzia sandukuni tangu mumewe alipofariki. Nilimpa. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Tangu hapo akipata barua hupita mbele ya mlango wangu, akapanda magari mawili hadi Mkuyuni kwa binti wa dada yake akasomewe. Safari moja tarehe ya kliniki ya macho ilimpita kabla barua haijafunguliwa. Nilijua nilipomsikia akimsimulia binti wa chapati ng'ambo ya ukuta.

Nilikwenda kumwomba msamaha, akanisamehe, na sidhani kwamba alinidanganya. Ila kusamehe ni jambo moja, kumpa mtu karatasi zako ni jingine. Asubuhi hunisalimu, "Mwangaluka," nami naitikia, kila mmoja anaendelea na palizi yake. Sahihi ile ilinipotezea rafiki yangu wa mwisho. Yuko hai, tumetenganishwa na ukuta mmoja, na haniamini tena.