Siku Niliyofuata Lori Mpaka Kwenye Mizani

Watu wa Mumbuni wanaijua hii habari vibaya, kwa sababu waliisikia kutoka kwa baba yangu mdogo, Mzee Ndambuki, na yeye akisimulia huwa anaongeza chumvi mpaka mboga hailiki. Kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe vile ilikuwa. Kosa lilikuwa langu, na nasema hivyo mapema ili mkicheka mcheke mkijua.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilinunua gari kubwa ya dizeli, ya turbo, zile za kupanda milima, imetoka Japani ikiwa imeshatumika (siku hizi utahesabu kumi kama hiyo kabla ufike Kyumvi, lakini wakati huo Mumbuni zilikuwa mbili na ile nyingine ilikuwa ya daktari). Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda huko Athi River, naenda na kurudi kila siku, na hiyo gari ilikuwa inakunywa dizeli kama ng'ombe wa kiangazi. Sikuwa na uwezo wa kuibadilisha na sikuwa na moyo wa kuipaki, basi nikaanza kuichunguza. Nikatoa keria ya juu kwa sababu inashika upepo. Nikatoa tairi ya spea kwenye mlango wa nyuma nikaiweka kwa veranda (mke wangu akapanda sukuma wiki ndani yake). Nikajaza magurudumu upepo mpaka yakawa magumu kama mawe. Nikagundua ukikaa gia ya tano, mwendo wa themanini, mguu mwepesi, turbo inabaki imelala na injini inakula kidogo sana, na madirisha lazima yafungwe yote, kwa sababu upepo ukiingia ndani unaivuta gari nyuma.

Lakini siri kubwa ilikuwa lori. Ukikaa nyuma ya lori kubwa, karibu lakini si karibu sana, yeye ndiye anapasua upepo na wewe unapita tu kwenye njia aliyokufungulia. Nilipogundua hiyo nikawa mtu wa kuchosha. Nilieleza kazini, nikaeleza kwa kinyozi, nikaeleza kwa jumuiya baada ya rozari, mpaka mke wangu akaniambia, "Baba Mueni, hawa watu wataacha kuja kusali kwa sababu yako."

Sasa, ndugu yangu mdogo Kyalo alikuwa anataka kuoa msichana anaitwa Mwende, wa kule ndani kidogo kutoka Sultan Hamud. Kwetu Wakamba kuna mbuzi watatu wa ntheo, na hao wakishapokelewa na wakwe, msichana ni wako hata kama harusi ya kanisa ni mwaka ujao. Wasipopokelewa, wewe ni mpita njia. Tulikuwa tumeshakosa siku moja, Kyalo alipolazimishwa zamu ya ziada kiwandani kwake, na baba ya Mwende, mtu wa maneno machache aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alituma ujumbe kwamba atatungoja Jumamosi saa sita mchana, Jumapili anarudi Mombasa, na tukikosa tena tusijisumbue kurudi. Kyalo hakulala wiki hiyo. Nilimwambia atulie, gari iko.

Tukatoka Mumbuni asubuhi saa tatu, mimi kwenye usukani na suti yangu ya kijivu, Mzee Ndambuki kando yangu kwa sababu yeye ndiye msemaji wetu, Kyalo nyuma akiwa ameshika kamba za mbuzi watatu waliosimama juu ya magunia. Kama keria ingekuwepo labda tungewafunga huko juu wapunge hewa, lakini keria ilikuwa nyumbani. Tulipofika Kyumvi na kushika barabara ya Mombasa nikaona lori mbele, ndefu, imefunikwa turubai vizuri, inakwenda themanini bila papara. Nilifurahi, sitadanganya. Nikaingia nyuma yake.

Baada ya kilomita kumi hivi Mzee Ndambuki akasema, "Mutiso, fungua dirisha, tunaiva."

Nikamwambia, "Baba, ukifungua hiyo gari inakuwa nzito."

"Mzito ni wewe," akasema, na akavua kofia akaanza kujipepea nayo. Huko nyuma mbuzi mmoja alikuwa ameshakojoa, na harufu ilikuwa imefika mbele.

Kyalo akasema pole pole, "Baba Mueni, hapa barabara iko wazi. Pita hiyo lori." Nikamwambia tuko na muda mwingi, na ni kweli tulikuwa nao. Tulipopita Salama akaniambia tena, na mimi nikamweleza habari ya turbo kulala. Akarudi kushika kamba zake.

Mbele kidogo lori ikawasha taa ya kushoto, ikapunguza mwendo, ikatoka barabarani. Mimi nikatoka nayo.  Nilikuwa nimeangalia ile turubai karibu saa nzima, akili ilikuwa imelala pamoja na turbo, na nilidhani anakwepa shimo. Nilipoona madramu yamepangwa huku na huku, lori nyingine ilikuwa imeshaingia nyuma yangu na nyingine nyuma ya hiyo. Tulikuwa kwenye foleni ya mizani ya malori, wale watu wanaopima uzito kando ya barabara.

Akaja karani mwenye koti la kijani na makaratasi. "Hapa ni malori tu," akasema.

"Najua."

"Sasa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafuata."

"Unafuata nani?"

"Lori," nikasema, na hapo nikasikia vile inasikika.

Akachungulia ndani, akamwona Mzee Ndambuki na kofia yake, akamwona Kyalo na tai, akawaona mbuzi. Hakucheka, na angecheka ningepata nafuu. Akanieleza kwamba lori iliyoko mbele imezidisha uzito, lazima ipunguze magunia kabla isonge, na huku nyuma hakuna nafasi ya mtu kurudi. Tungoje. Ilikuwa saa nne na nusu.

Tulingoja mpaka saa sita ikapita. Hakukuwa na simu ya mkononi kwetu wakati huo, wala kwa wakwe. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati la gari, na ingawa sasa nilikuwa nimefungua madirisha yote, mbuzi walikuwa wanahema ulimi nje. Mzee Ndambuki akasema, "Washushe hao, ama tutapeleka nyama." Tukawashusha. Yule mkubwa, yule ambaye wakwe wangemchinja siku hiyo hiyo, akachomoa kichwa kwenye kamba akakimbia kati ya malori, mimi nikamkimbilia na suti, matingo, wale wasaidizi wa madereva, wakashuka kuangalia, na huyo mbuzi akapanda moja kwa moja juu ya mizani akasimama katikati.

"Huyo hajazidisha," tingo mmoja akapiga kelele, "mwachilieni aende."

Nikamrukia. Nilishika hewa na nikaanguka kifudifudi kwenye grisi, na yeye akaruka chini kwenye ukingo, akatua vibaya, na aliposimama alikuwa ameinua mguu wa mbele. Nilimwangalia Kyalo. Alikuwa anaangalia huo mguu.

Lori ya mbele ilipomaliza kupunguza magunia ndipo tukaachiliwa, na tulifika kwa wakwe saa nane kasoro dakika chache. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyopangwa duara, chakula kimefunikwa. Tukashusha mbuzi wa kwanza, sawa, wa pili, sawa, wa tatu akasimama kwa miguu mitatu. Nilitegemea Mzee Ndambuki aseme tairi ilipasuka, maana ndiyo kazi ya msemaji. Alisema ukweli wote, kuanzia dirisha mpaka mizani, na wanawake jikoni walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukaa chini. Mwende hakucheka. Alisimama mlangoni akishika mwiko, akimwangalia baba yake.

Baba yake akaniangalia mimi, grisi yote ile. "Mbuzi kiwete hapokelewi hapa," akasema. "Na saa sita imepita. Lakini mzee wenu hajanidanganya." Akaongea na ndugu zake kidogo kando, halafu akarudi. Nilete mbuzi mwingine kabla jua lizame. Mbuzi huyo asinunuliwe kijijini kwao, kwa sababu huwezi kumlipa mkwe na mbuzi wa boma lake. Na nimlete kwa miguu. "Gari yako tumeiona," akasema.

Soko la karibu lilikuwa Sultan Hamud, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu. Kyalo alinisindikiza mpaka kwenye miti ya ua, kwa sababu bwana harusi haondoki. Hakuwa amekasirika, na nilikuwa nataka akasirike.

"Nilikuomba upite mara mbili," akaniambia. "Ya tatu sikuweza, kwa sababu gari ni yako."

Nilisikia vibaya kweli. Ile aibu ya mizani ilikuwa mbele ya watu ambao hawanijui, lakini huyu nimemlea mwenyewe tangu baba yetu afe, na alikuwa amekaa huko nyuma saa mbili akiona maisha yake yanachelewa huku akiogopa kunisumbua.

Nikaenda. Nilipata mbuzi sokoni wakati watu wanafunga, na kurudi nilimvuta, nikamsukuma, mwisho nikambeba mabegani kwa sababu viatu vyangu vya suti vilikuwa vimeshaisha na yeye hakuwa na haraka. Jua lilikuwa limegusa vilima nilipoingia ua. Baba ya Mwende akamshika mbuzi mguu mmoja mmoja, yote minne, bila kuharakisha, akafungua mdomo akaangalia meno, halafu akamkabidhi kijana wake na kusema tu, "Leteni maji, watu wanawe." Wanawake wakapiga vigelegele. Kyalo aliketi chini ghafla, akafunika uso na mikono.

Sasa wako na watoto watatu. Wakitaka kwenda kuwasalimia wakwe, gari ni ile ile yangu, lakini anayeendesha ni Kyalo, na anaendesha vile anataka yeye. Mimi nakaa kiti cha nyuma na niliapa sitasema neno, na sijasema, na kama kuna mtu anaona hiyo ni rahisi, aje akae hapo nyuma na mimi asikie vile huyo kijana anakanyaga mafuta.