Nta ya Kagerankanda

Usidhani nimehadithiwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kasulu, jioni, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi na jirani yangu Konsolata tulikuwa tukitengeneza mishumaa ya kanisani. Miaka yote tulitumia nta ya nyuki kutoka kwa warina asali wa kule msituni Kagerankanda. Mwaka ule nta ilipanda bei, na Siku ya Marehemu, watu wanapowasha mishumaa makaburini, ilikuwa imekaribia. Konsolata akaniletea mshumaa wa parafini, mweupe, mnyoofu, wa bei nafuu kabisa. Alisema tuking'ang'ania nta wateja watahamia kwa wengine. Hakukosea. Nilipomuuliza, "Na marehemu wetu je?" alicheka taratibu akasema marehemu haulizi bei. Nikamwomba aniachie nifikirie mpaka kesho.

Alipoondoka tu, mvua ikashuka na umeme ukakatika. Nikasikia mtu akisalimia mlangoni: "Amahoro, mama." Sauti ya mwanamke, lafudhi ya kule Mabamba, mpakani. Nikamkaribisha ajikinge mvua. Nikamsikia akiketi mkekani, akishusha pumzi kama mtu aliyetembea sana.

Nikawasha ule wa parafini, maana ndio uliokuwa karibu. Chumba kikang'aa vizuri. Mkekani hapakuwa na mtu.

Niamini. Niliona hadi ukili wa mkeka. Na pale pale patupu, sauti ikauliza kwa upole, "Mama, mbona huwashi taa?"

Wewe ungekimbia? Mimi nilibaki. Mkono ukapapasa mezani, ukapata mshumaa wa nta, nikauwasha. Harufu ya asali ikatanda, naye akatokea polepole: kwanza viganja, amevielekeza kwenye mwali kama anayeota moto, kisha kitenge, kisha uso. Mwanamke wa makamo, mtulivu, asiye na haraka. Hofu ikaniisha, sijui ilikwenda wapi. Nilijikuta nimepiga magoti.

"Huu tunauona," akasema. "Hata tukiwa mbali, tunauona."

Tunauona. Yeye na nani? Sikuthubutu kuuliza. Nilizima ule wa parafini, tukakaa pamoja mpaka mvua ikakatika, naye akafifia kama alivyokuja. Nikaugusa mkeka. Ulikuwa mkavu, ingawa yeye alitoka mvuani.

Kesho yake Konsolata alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ana watoto wa kusomesha. Simlaumu. Siku hizi yeye anauza ya parafini, mimi ya nta, midogo kama kidole, na wanunuzi wangu ni wachache.

Nawe, kabla hujamwashia mtu wako mshumaa kaburini, uliza umetengenezwa kwa kitu gani. Na umeme ukikatika nyumbani kwako, usikimbilie kiberiti. Salimia kwanza. Mimi husalimia kila mara.

Mara nyingi hajibu mtu.