Chapati za Siku ya Kufunga

Wajukuu wangu walipokua na kuanza kwenda shule wenyewe, nyumba ya binti yangu hapa Woodbridge, Marekani, ilibaki kimya mchana kutwa. Binti ni muuguzi. Akitoka zamu analala. Wajukuu nikiwasalimu kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, kwa heshima, kisha hao wanapanda ngazi. Namshukuru Mungu kwa paa na kwa chakula. Lakini mtu huhitaji pia mtu wa kumwambia kwamba goti leo linauma.

Mungu alinipa jirani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mama wa Kihindi, mjane kama mimi, mzaliwa wa Kisumu, ambako baba yake alikuwa na duka. Alisomea Kisanskriti, lugha ya kale ya dini yao, akaifundisha chuoni mpaka alipostaafu. Alasiri nilikwenda kwake tukanywa chai, tukaongea Kiswahili chake cha utotoni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa katekisimu, kwa hiyo maneno ya dini hunivuta. Alinieleza kwamba katika Kisanskriti kiambishi kidogo kikitangulia, wazo lote hugeuka.

“Jnana ni kujua,” alisema. “Tanguliza vi, unapata vijnana, kujua kwa kupambanua hiki na kile. Tanguliza pra, unapata prajna. Hiyo sasa ni hekima.”

“Kama sisi na mtu, kitu, utu.”

“Umeshika, dada. Haya, vasa ni kukaa. Pravasa ni kukaa mbali na kwenu.”

“Hilo ni letu sisi wawili.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Na upa ni karibu. Upavasa, kukaa karibu. Karibu na Mungu. Ndivyo tunavyoita kufunga.”

Niliweka kikombe mezani. Nimefunga kila Ijumaa tangu ujana, na nimewafundisha wengi kufunga, lakini sikuzote nilianza na chakula wanachokiacha.

Halafu mwanawe akapata kazi California, akaamua kuhama na mama yake. Wangeondoka Jumamosi. Kwetu msafiri hulishwa kabla hajaagwa, na kwa umri wetu nilijua hatutaonana tena. Nilitaka tule pamoja, basi. Ijumaa hiyo nilimwomba Mungu aniruhusu nisogeze saumu yangu, nikasukuma chapati, nikapika ndengu, nikabeba.

Alifungua mlango, akatazama sufuria. “Dada yangu mtakatifu, leo si Ijumaa? Umekula?”

“Bado. Nilikuwa nakungojea wewe.”

Akashika shavu. “Nami nimefunga. Leo ni ile siku ya mwezi ambayo hatugusi nafaka wala ndengu.”

“Hata kipande?”

“Hata ukiniwekea mikono na kuniombea.”

Tulicheka, kisha akaniingiza ndani. Viti vilishapakiwa, lilibaki kochi moja. Tukaketi bega kwa bega, chakula kikipoa miguuni petu ndani ya kitambaa. Baadaye aliomba kwa lugha yake, nami kwa yangu, polepole. Lile neno upavasa hakulitaja, wala mimi. Sikumbuki nikihisi njaa.

Nilipoinuka alinishika mkono. “Niachie chapati. Kesho nitafungua saumu garini, tukielekea uwanja wa ndege. Wewe jiwekee mbili, ule wakati huohuo.”

“Saa ngapi?”

“Jua likitoka. Usianze bila mimi.”

Jumamosi binti yangu alikuwa kazini na watoto wamelala. Niliketi mezani mbele ya dirisha. Paa za upande wa pili ziliposhika mwanga nikashukuru, nikakata chapati ya kwanza. Ilikuwa baridi, ngumu kidogo pembeni. Nilikuwa kwenye ya pili gari lao lilipopita. Sikuinuka kupunga mkono. Niliendelea kutafuna polepole, nisije nikamaliza kabla yake.