Nusu ya Mbuzi Inayokula

Wakati wa vita, miaka ile waasi walipokuwa ndio serikali yetu, nilipata kazi ya kuchambua kahawa katika depo moja ya mtaa wa Kimemi, mjini Butembo. Patron, tajiri mwenye depo, alikuwa amerudi kutoka safari za ng'ambo na wazo jipya: atatulipa kwa saa. Kwetu jambo hilo lilikuwa geni kabisa. Mama aliuliza kama na muda wa kwenda msalani utalipwa.

Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: baada ya kodi, nitabaki na nini? Nilikuwa na mchumba, na kwetu mahari ni mbuzi, basi nikapiga hesabu kwa mbuzi. Mshahara wa mwezi ungenunua wawili. Kodi ya waasi ilimla mmoja mzima. Mchango wa vita ulichukua miguu ya nyuma ya yule wa pili, na kodi ya usalama ikaondoka na kiuno. Nikabaki na nusu mbuzi, tena nusu ile inayokula. Fungu la kumi la kanisa sikulihesabu. Mungu mwenyewe alikuwa anaona.

Hata hivyo nilijivuna. Nikapanda lori kwenda Kirumba, kwao mchumba, pamoja na baba mdogo, maana mposaji husemewa na mkubwa. Njiani akawa anafanyia hotuba yake mazoezi kwa sauti kubwa.

"Kijana yetu analipwaka kwa saa!"

Tulikuwa tumefika kwenye kizuizi cha waasi, kamba iliyokatiza barabara. Askari akageuka. "Kwa saa? Ashuke."

Alinitoza kodi ya saa zangu zote, pamoja na zile tulizosimama pale tukibishana.

Baba mdogo alijifunza upesi. Kwenye kizuizi kilichofuata aliapa kwamba sina kazi. Kwenye kingine akaongeza ugonjwa, na kwenye cha mwisho nikawa mlevi. Tulipita bure, naye akafurahia kipaji chake.

Tulipofika, shangazi za mchumba walikuwa wamefunga kamba kwenye mlango wa ua, kama ilivyo desturi, ili tutoe chochote ndipo tuingie. Baba mdogo akaona kamba, akainua mikono juu.

"Bakubwa, mutuhurumie! Uyu mutoto haina kazi! Ni mugonjwa, ni mulevi, hata ku kitanda anakojolaka!"

Mchumba wangu alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba yake akatoka, mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache, akanitazama mimi.

Desturi ilikuwa imeshavunjika, basi nikasema mwenyewe badala ya baba mdogo. Nilimweleza yote: saa, vizuizi, mbuzi, miguu, kiuno. Hakucheka.

"Na leo vile uko apa, kule ku kazi banakulipa?"

"Hapana, baba. Saa yenye situmike kazi, habanilipe."

"Donc, basi, kila saa yenye uko kwangu, unapoteza?"

"Ndiyo, baba."

Akawageukia shangazi.

"Mufungue kamba. Bengine bote banakuyaka apa juu ya kupata, uyu anakuya kupoteza."

Nilikaa pale mpaka jioni, nikinywa chai, bila kulipwa hata senti.