Leka na Lete

Wajukuu wangu hupenda niwasimulie jinsi nilivyokuwa golikipa hodari wa hoki, nami hukunja uso. Hodari gani? Hawajui kwamba kwa msimu mzima nilikuwa kichekesho cha mgodi. Mikono na miguu yangu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jinsi tulivyofundishwa, mimi na wale waliosimama mbele yangu.

Ilikuwa Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilitoka kwetu Segese nikaandikwa kazi ya shimoni, nikakaa huko miezi minane, mpaka siku jiwe lilipomwangukia mwenzangu hatua mbili kutoka niliposimama. Baada ya hapo, kila asubuhi kizimba cha kutushusha kilipofungwa, nilifumba macho mpaka tufike chini. Sioni haya kusema kwamba niliogopa kufa. Hoki ndiyo iliyonitoa. Makarani wa Kigoa walikuwa wamehama, timu ya mgodi ikapungukiwa na watu, na Mzungu mkuu wa mgodi akatangaza kwamba Mwafrika atakayeingia timu atapewa kazi ya juu ya ardhi, karakana. Sikuwahi kushika gongo la hoki maishani mwangu. Niliinua mkono kabla hajamaliza kusema.

Kwa kuwa nilikuwa mrefu, nikavalishwa pedi za gunia zilizoshindiliwa pamba nikawekwa golini. Mkuu wa mgodi mwenyewe ndiye aliyetufundisha, na alikuwa mtu wa kandanda. Katika hoki alijua jambo moja tu, kwamba mpira usiingie. Ukiingia, kosa ni la golikipa. Beki wa kushoto alikuwa fundi bomba kutoka Tanga, Mwislamu mpole aliyenizidi miaka kumi hivi. Wa kulia alikuwa Msukuma mwenzangu wa upande wa Kharumwa, mchunga ng'ombe ambaye Kiswahili alikuwa bado anakiokoteza. Kila mmoja alipiga kelele kwa lugha yake, mimi katikati.

Katika mechi moja ya nyumbani niliuzuia mpira kwa pedi, ukatulia mbele ya mguu wangu. Yule wa Tanga akaita, "Lete!" Alitaka nimsukumie. Katika zile kelele mimi nikasikia "Leka!", na leka kwetu ni acha. Basi nikauacha. Nikainua na mguu kabisa, kumpisha mwenye kuutaka. Mshambuliaji wao akausukuma ndani taratibu kama anayefagia uani. Uwanja mzima ulicheka, mkuu wa mgodi hakucheka. Aliniita kando akaniambia nikirudia uzembe ule nitarudi shimoni. Wiki ile sikulala vizuri, na chakula kilinishinda.

Baada ya kushindwa mechi mbili zaidi alituchoka, akaikabidhi timu kwa seremala mkuu wa karakana, Kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyecheza hoki tangu utoto. Siku ya kwanza hakugusa mpira. Alituita mimi na mabeki wangu wawili kwenye benchi lake la kurandia mbao.

"Wewe nasema nini siku ile?" akamuuliza wa Tanga.

"Nilisema lete, Fundi."

Akanigeukia. "Na wewe nasikia nini?"

"Leka."

Akafikiri kidogo. "Golikipa baya hapana," akasema. "Maneno baya."

Tangu siku hiyo mabeki walikatazwa kusema. Mimi peke yangu ndiye nitakayesema, na neno "lete" lisisikike tena uwanjani. Nikisema leka, mtu auache mpira hata kama uko kwenye gongo lake. "Wewe naona yote," aliniambia. "Hawa naona mpira tu. Wewe sema, hawa nafanya." Akatufundisha pia duara lililochorwa kwa chokaa mbele ya goli: mpira uliopigwa kutoka nje ya duara si bao, isipokuwa umeguswa na mshambuliaji aliye ndani.

Likaonekana jambo dogo, lakini lilinitesa. Yule wa Tanga nilikuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi. Jioni nitamwamrishaje kama mtoto wangu? Niliita kwa kuchelewa, na mpira ukampiga miguuni. Kalasinga alikuwa akisimamisha mazoezi na kunifokea, "Sema!" Kaka yule, huku akisugua muundi, alikuwa akiniambia, "Sema tu, mdogo wangu. Mimi nakusikiliza." Ilichukua wiki nyingi, lakini mwishowe nilisema, nao wakasikia, na mabao yakakoma kuingia. Watu wakaanza kuniita hodari.

Ndipo tukapanda lori kwenda Shinyanga kucheza na timu ya mji. Mkuu wa mgodi alitufuata kwa motokaa yake. Kabla hatujaingia uwanjani alisema mbele ya wote kwamba leo asiyefaa ataonekana, na Jumatatu atashuka shimoni. Alisema akinitazama mimi.

Tulipata bao moja mapema, kisha wakatubana. Jua lilikuwa machoni mwangu, vumbi mdomoni. Dakika za mwisho mchezaji wao wa kati akavuta gongo akapiga kwa nguvu zote. Mpira ulielekea kwa yule wa Tanga, na nyuma yake alijificha mtu wao mmoja akingoja uparaze gongo umdondokee. Nikatazama chokaa. Mpigaji alikuwa nje ya duara, kwa shubiri moja tu. Kama nimekosea, Jumatatu nashuka.

"Leka!"

Yule wa Tanga alikuwa ameshateremsha gongo. Akaliinua. Mpira ukawapita yeye na yule aliyejificha bila kuguswa, nami nikavuta mguu, ukaingia ukagonga ubao wa goli. Watu wa Shinyanga wakashangilia. Mkuu wa mgodi akasimama kwenye kiti chake. Mwamuzi akaja polepole, akauelekeza mkono kwenye ule mstari, akatikisa kichwa. Si bao. Nikashika mwamba wa goli.

Mpira ulipokwisha mkuu wa mgodi alinipa mkono. Sikuwa nimefungwa, kwa hiyo karakana ni yangu. Kisha akamwonyesha kidole yule wa Tanga. Huyu, akasema, ameinua gongo na mpira uko mbele yake. Amelala. Jumatatu ashuke. Kalasinga akaanza kumweleza habari za duara, lakini mkuu wa mgodi alikuwa ameshageuza uso. Basi Kalasinga akanitazama mimi.

"Sema," akaniambia kwa sauti ndogo.

Nilijua la kusema. Nilijua pia kwamba huenda likanipeleka mimi shimoni. Nikainama nikafungua kamba za pedi, moja moja, mpaka Mzungu akaingia kwenye motokaa yake. Yule wa Tanga naye alikuwa amesimama pale, akisubiri.

Jumatatu niliwahi kizimbani. Nilimkuta amevaa kofia ya shimoni, taa ya kabaidi mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Kaka, ile juzi mimi ndiye…"

"Leka," akasema, kwa upole wake ule ule.

Kizimba kikafungwa, wakashuka. Nami nikaenda zangu karakana.