Mbuzi Watatu wa Injili Babati

Sababu ya safari, kama ilivyotangazwa kanisani kwetu Arusha, ilikuwa kuwapelekea Waislamu wa Babati habari njema. Sababu ya mama yangu kuwamo kwenye safari hiyo ilikuwa nyingine, na kanisa zima liliijua ila lilijifanya haliijui. Mdogo wangu Elibariki alikwenda Babati kufanya kazi ya kufunga umeme wa nyumba, akamwoa binti wa mwenye duka la vitambaa, akasilimu, akaitwa Idrisa. Mama alilia wiki nzima. Alipochoka kulia akaanza kununa, na kununa ndiko anakokuweza zaidi. Harusini hakwenda. Mtoto alipozaliwa hakwenda kumwona. Aliapa kwamba hatakanyaga nyumba ile mpaka Elibariki arudi kwenye imani aliyobatiziwa.

Kwa hiyo Mwinjilisti Zefania alipotangaza msafara, mama akawa wa kwanza kunyoosha mkono. "Naenda kumtoa mwanangu," aliniambia. Nami nikanyoosha wangu, maana lazima awepo mtu wa kumshika. Nilipompigia Elibariki simu kumwarifu, akasema, "Dada, mama akija kunidhalilisha mbele ya wakwe zangu, msinitafute tena. Nasema kweli." Namjua mdogo wangu. Ni mpole, na mpole akishakata neno hakuna wa kumgeuza. Niliogopa sana.

Mwinjilisti Zefania ni mtu mwema, nisimsingizie. Tatizo lake ni semina. Alihudhuria semina ya namna ya kuwafikia Waislamu, akarudi na jibu la kila swali, yakiwemo maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Alhamisi asubuhi tuliondoka Arusha kwa Coaster ya kukodi. Kwaya iliimba mpaka Makuyuni, halafu ikalala midomo wazi. Mwinjilisti akaona huo ndio wasaa wa mazoezi, akanipa mimi nafasi ya Mwislamu.

"Uliza," akasema.

"Mungu anazaaje?"

Akanieleza kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu bila Mungu kuwa na mke, kwamba ni wa milele pamoja na Baba na Roho, watatu katika mmoja. Tulipita Minjingu bado anaeleza. Mwishoni akafuta jasho, akauliza, "Haya, umeamini?"

"Bado. Hapo kwenye watatu kuwa mmoja sijaelewa."

Akaniangalia kwa huzuni, kwa kuwa nimeimba sauti ya pili katika kwaya yake tangu nikiwa msichana. Mama, aliyekuwa kiti cha nyuma, akasema na yeye hajawahi kuelewa, ila hajawahi kuona haja ya kusumbua watu.

Magugu tulisimama kununua mchele. Mbele kidogo, kwa mfugaji mmoja kando ya barabara, Mwinjilisti akanunua mbuzi watatu. Wawili walikuwa wa karamu ya kuwaalika Waislamu baada ya mdahalo wa dini uliopangwa Ijumaa. Wa tatu, dume jeusi lililonona, alikuwa wake mwenyewe, wa kurudi naye nyumbani. Wote wakapakiwa nyuma pamoja na spika, na kuanzia hapo injili yetu ikanuka beberu.

Tulipoingia Babati, Mlima Kwaraa ulikuwa umejifunika wingu. Wenyeji wetu walikuwa na kanisa dogo upande wa kuelekea Bonga, na Elibariki alikuwa anatusubiri langoni, kofia kichwani. Alikuwa amenenepa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, akiitazama spika. "Umekonda, Elibariki."

"Naitwa Idrisa, mama," akasema taratibu.

"Nimekuzaa mimi."

Akatuonyesha nyumba yake, bati la bluu, nyuma ya ua wa kanisa, umbali wa kuitana. Alisema Zaituni, mkewe, ameandaa chai. Mama akasema tumbo linamsumbua. Elibariki akaaga akaenda zake, na mimi nikatamani nimpige mama yangu mzazi, Mungu anisamehe.

Ijumaa, saa saba mchana, tulifunga spika kwenye kiwanja karibu na soko. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote. Aliyetusikiliza ni dereva mmoja wa bajaji, na yeye alikuwa amelala. Mwinjilisti akaanza kusema juu ya mioyo migumu. Mzee wa kanisa wa pale akamsogelea.

"Mwinjilisti, leo ni Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa."

"Wako msikitini."

Semina haikuwa imeligusa hilo. Mdahalo ukasogezwa hadi kesho yake.

Jioni nilikwenda dukani kwa Mzee Jumaa, baba yake Zaituni, kusalimia, maana sisi wengine tumelelewa. Alinipa kiti katikati ya majora ya vitambaa na chai ya tangawizi.

"Mkwe wangu hajambo? Mbona hajafika?"

"Amechoka na safari, baba."

"Safari ya Arusha?" Akacheka, kwa sababu siku hizi ni lami tupu. Kisha akaacha kucheka. "Mwambie kesho nitakuja kwenye karamu yenu, na nitaleta watu. Siendi kwa ajili ya yule mwenye spika. Nakwenda kwa ajili yake yeye. Tuna mjukuu mmoja, hatuwezi kuishi hivi."

Nilimfikishia mama maneno hayo kama yalivyo. Akajifunika shuka.

Jumamosi alfajiri, mama mmoja wa pale kanisani, aliyesimamia mapishi, aliuliza kama amwite kijana wa msikitini aje achinje, kama wafanyavyo siku zote kukiwa na wageni mchanganyiko. Mtoto mdogo wa Babati angejibu ndiyo. Mtoto mdogo wa Arusha pia. Mwinjilisti akakataa. Alisema ukimpa Mwislamu kisu umekiri kwamba dua yake inasikika kuliko yako.

"Hata mimi kuku wa Krismasi huwa namwita jirani achinje," mama yangu akasema. "La sivyo majirani watakula nini?"

"Ndiyo maana mpaka leo majirani zako hawajaokoka, mama."

Mbuzi wawili wakachinjwa na dereva wetu, baada ya sala ndefu iliyowachosha mpaka mbuzi wenyewe.

Mdahalo ulianza saa nne na ulijaa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mwinjilisti alijibu kila kitu kwa Kurani, na ustadhi wa upande wa pili akajibu kila kitu kwa Biblia, kana kwamba wamebadilishana mabegi stendi. Huyu akasema Isa ametajwa humo kwa heshima kubwa, amezaliwa na bikira, kwa nini hamumfuati? Yule akasema tunamheshimu, ni nabii, na humu mwenu ameonekana akisali. Alikuwa anamwomba nani? Watu wakashangilia. Ikaja habari ya msalaba, mmoja akisema alikufa, mwingine akisema hakufa, nao wauza ndizi wakafanya biashara nzuri sana. Hakuna aliyehama upande.

Saa saba na nusu, baada ya wageni kuswali adhuhuri, tukakaa uani kanisani kwa karamu. Mzee Jumaa alikuwa ametimiza neno lake: alikuja na wazee wenzake, wenye maduka, na vijana wa kutosha. Elibariki alikaa karibu na mkwewe. Pilau likapakuliwa, nyama juu. Mgeni mmoja akauliza jirani yake kitu sikioni. Jirani akauliza mwingine. Swali likazunguka mkeka mzima, na lilipomaliza kuzunguka, mikono yote ilikuwa mapajani.

Mwinjilisti akaelewa, akasimama. Hapo alikuwa na jibu, tena zuri. "Kitabu chenu chenyewe kimewahalalishia chakula cha watu waliopewa Kitabu!"

Mzee Jumaa akatikisa kichwa kwa adabu. "Ni kweli, kimesema."

"Sasa?"

"Sasa sina njaa."

Basi hapo ndipo mtu anaposhinda mdahalo akabaki na masufuria. Pilau likapoa. Vijana wakaanza kutazama viatu vyao, na mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba wameitwa kudhihakiwa. Elibariki aliinama, masikio yamemwiva. Nilijua anachofikiri: kwamba hawa ndio ndugu zake, hawa ndio aliowasifia kwa wakwe. Wageni wakainuka, na yeye akainuka nao. Nikasema moyoni, basi, nimempoteza.

Mama akasimama. Hakusema na mtu. Alikwenda nyuma ya jiko, na aliporudi alikuwa anavuta kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo dume jeusi.

"Mama, huyo ni wangu," Mwinjilisti akasema.

"Bwana alitoa," mama akamjibu, akampita.

Akaenda mpaka pale wageni waliposimama. Akamtazama mwanawe usoni, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Idrisa," akasema, kwa sauti ambayo uani wote waliisikia. "Wachinjie wakwe zangu."

Mdogo wangu niliyemjua mimi alikuwa anakimbilia shambani kuku akichinjwa. Alipokea kamba, akaomba kisu, akamgeuza mbuzi kuelekea kibla, akapiga bismillahi huku machozi yanamdondoka. Mzee Jumaa akakaa tena chini. Wenzake wakakaa.

Zaituni hakukubali nyama ile iingie kwenye masufuria yetu, kwa hiyo ikapikwa kwake. Mama akafuata nyama. Alianza kuelekeza akiwa nje ya uzio, kisha akiwa mlangoni. Chumvi ikawa haionekani, akaingia kuitafuta mwenyewe, akikemea jinsi kabati lilivyopangwa. Mimi niliyejua kiapo chake sikumkumbusha. Zaituni, mikono imejaa mafuta, akasema, "Mama, nisaidie huyu," akamsukumia mtoto kwa kiwiko. Mama akampokea. Chumvi ikatafutwa na mtu mwingine.

Tulikula jua likiwa linaelekea kuzama. Mwinjilisti naye alikula, sahani mbili, akisema ni haki yake.

Jumapili, baada ya ibada, tuliondoka. Ndani ya Coaster kulikuwa na nafasi zaidi, hewa nzuri zaidi, na Mwinjilisti kimya. Mimi mpaka leo naamini Yesu ni Mwana wa Mungu, na Mzee Jumaa mpaka leo anaamini nimepotea, na tumekubaliana hayo kwa simu mara kadhaa. Nilichojifunza Babati ni kwamba mtu anaweza kukupinga mpaka siku ya kiyama na bado akawa na haki ya kushiba kwako.

Jumapili iliyofuata, kanisani Arusha, Mwinjilisti alitoa taarifa ya ushindi, kisha akamwita mama atoe ushuhuda wa yale aliyoyatendewa na Bwana. Kila mtu alitaka kujua kama Elibariki ametoka.

Mama akasimama, akarekebisha kitenge chake.

"Bwana asifiwe. Nina mjukuu. Anaitwa Rahma. Amechukua pua yangu."

Akakaa.