Kijiji Nilichokipiga Chapa Wattaya

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani katika duka la magari Wattaya, Oman, na kazi ikisha mchana nikenda nyumba ya nyuma ya duka kumpigia chapa bibi mmoja wa Kiingereza. Mwanawe alikuwa mhandisi bandarini, na yeye alikuja kukaa naye baada ya kufiwa na mume. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, na alitaka jambo moja tu alimalize: historia ya kijiji alichozaliwa.

Uingereza mimi nilikuwa siijui hata kwa ndoto. Lakini baada ya miezi miwili ningeweza kukutembeza kijiji kile nimefumba macho. Barabara moja, inapinda penye kanisa la mawe. Nyumba thelathini na kitu. Shamba la juu, shamba la chini, ngano na malisho ya ng'ombe, na kijito chembamba ambacho kila mtoto alikiruka, au alijaribu. Nilimjua mhunzi, nikajua na nani alimtorosha binti wa mwenye kinu cha kusagia. Nikirudi nyumbani namhadithia mama huku tunachambua mchele.

Mwandiko wa bibi ulikuwa na vituko vyake. Nilipiga chapa kurasa tatu nzima juu ya kasisi aliyesifika kwa tini zake, alizozinenepesha kwa maganda ya viazi. Bibi alisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akatokwa na machozi. Walikuwa nguruwe. Kwa Kiingereza maneno hayo yanapishana herufi moja, na jicho langu, jicho la mtoto wa Kiislamu, lilichagua lililo halali.

"Hukushangaa tini kula maganda ya viazi?" akaniuliza.

"Nilidhani ni mbolea," nikamjibu.

Siku moja mama akataka kumwona huyo bibi. Mama alizaliwa Unguja, lakini babu yake alitoka kijiji cha ndani huku Oman, chenye mitende na falaji, ule mfereji ambao maji yake hugawiwa kwa zamu. Akaja na birika lake la kahawa, akasikiliza nikimtafsiria sura ya kijito, kisha akasema, "Hebu muulize mwenzangu, maji hayo wakigawana vipi? Nnavyojua mimi, penye shamba la juu na shamba la chini hapakosi ugomvi."

Nikamuuliza. Bibi akaanza kusema kwamba kwao mvua ni nyingi, hakuna anayegombea maji. Akaishia katikati ya sentensi. Akasema amechoka, tutaendelea kesho.

Kesho yake hakuniita, wala wiki ile yote. Mama akajilaumu. "Nimekwenda nyumba ya watu nikawauliza ya ndani yao."

Siku ya nane simu ikalia dukani. Nilimkuta bibi amekaa bila ya karatasi yoyote. "Andika ninavyosema," akaniambia, "na usinitazame."

Kiangazi kimoja, yeye hajazaliwa bado, mvua ilikatika. Babu yake, mwenye shamba la juu, akafunga mlango wa mbao uliokuwa kwenye kijito ili malisho yake yasikauke. Watu wa shamba la chini wakamwendea mara mbili. Mara ya pili hakuwafungulia hata nyumba. Ng'ombe wao wakakonda, wakauzwa, na wao wakahamia ng'ambo ya kilima. Tangu hapo familia mbili zile hazikusalimiana, hata kanisani.

"Sisi tulifundishwa kusema walihama kwa uvivu wao," akasema. "Na mimi nimeandika hivyo hivyo. Ufute ukurasa ule."

Nikaufuta mbele yake. Dada yake, aliyebaki kijijini, alipopelekewa sura mpya kwa faksi alijibu mstari mmoja: usithubutu kuwaaibisha maiti wetu. Bibi akaikunja ile karatasi, akaniambia tuendelee na sura ya mavuno.

Kitabu kilichapwa huko kwao, chembamba, jalada la kijani, na bibi naye akarudi. Barua yake ya kwanza ilisema dada amekataa kumpokea, kwa hiyo anakaa kwa jirani. Ya pili, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ilikuwa ndefu. Mwanamke wa ile familia iliyohama, mtu mzima kama yeye, alikuja na kitabu mkononi akasimama mlangoni. "Baba yangu amekufa akiitwa mvivu," alisema. Bibi akamkaribisha jikoni, wakazungumza mpaka chai ikapoa. Sasa kila Alhamisi huenda sokoni pamoja kwa gari la yule mwanamke. Dada naye, kwa kuwa basi la kijijini limeondolewa, imembidi apande kiti cha nyuma. Bado hasemi neno, lakini hajakosa safari hata moja.

Nilimsomea mama barua yote. Akataka nirudie pale pa kiti cha nyuma.